Kona ya Nne ya Zahanati

Kama ulipita Mshangano, hapa Songea, mwaka ule wa ujenzi wa zahanati, uliliona jengo lenye kona tatu. Sitanii. Kona tatu zilikuwa zimepanda hadi kifuani mwa mtu mzima, ya nne imeishia magotini, na wanaume wazima wenye miiko yao wamekaa kivulini wanasubiri. Walikuwa wanamsubiri Pankrasi, mwenye kona. Pembeni yao, na karai la udongo kichwani, alisimama mtu aliyeweza kuipandisha kona ile, lakini hakuna aliyetaka kumtazama. Mtu huyo ni Kasiana, na habari hii ni yake. Mimi naitwa Lidwina. Nilikuwa nabeba maji.

Kwa asiyejua ujenzi, nieleze kidogo. Nyumba ya matofali huanzia kwenye kona. Fundi anaipandisha kona kozi kwa kozi, anaipima kwa timazi ili isimame wima. Kona mbili zikishapanda, kamba inavutwa kutoka hii hadi ile, na watu wengine wanajaza ukuta katikati wakiifuata kamba. Kujaza hata mimi naweza kukufundisha asubuhi moja tu. Kona ndiyo ufundi wenyewe. Anayeshika kona anaitwa fundi, analipwa kama fundi, na mkandarasi akija kutafuta watu anauliza kwanza, "Nani hapa anashika kona?" Anayejaza anabaki kuwa saidia fundi mpaka anazeeka. Kasiana alikuwa amejaza kuta nyingi sana za mji wa Songea, na hakuna aliyewahi kumpa kona, hata ya choo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na malori ya wafanyabiashara yakawa yanakuja kununua mahindi yetu mlangoni, jambo ambalo zamani lingekupeleka polisi. Kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa mwanamke kushika kona.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomwaga unga wa Hironimus, mume wa Kasiana. Alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika. Mahindi yalipoanza kwenda kwenye malori ya watu binafsi, ghala likabaki na popo, na Hironimus akarudi nyumbani na sare yake ya kaki imekunjwa kwapani. Kasiana alikuwa anauza mboga sokoni. Akaona mboga hazitamsomesha binti yao Devota, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari, akaenda kuomba kazi ya kubeba udongo kwenye ujenzi. Wengi wetu tuliingia hivyo. Tofauti yake ni kwamba sisi tulipotua karai tulikaa tukapiga soga, na yeye akitua karai alisimama akitazama mikono ya mafundi.

Aliyemwonyesha kazi ni Majidi, Mwislamu kutoka upande wa Namtumbo, mtu mpole mwenye mwiko mwepesi. Majidi alijua kona vizuri sana, lakini naye alikuwa anajaza tu. Kona zote kwenye majengo ya Fundi Makarius zilikuwa na wenyewe: moja ya Makarius, mbili za wadogo zake, ya nne ya shemeji yake Pankrasi. Majidi hakuwa ndugu wa mtu, hakuwa wa jumuiya yao, na lafudhi yake ya Kiyao walikuwa wanaiigiza wakicheka. Kwa hiyo wale wawili walisimama kwenye kamba moja, mwaka hadi mwaka, Majidi anafundisha na Kasiana anajifunza kitu ambacho wote wawili walikuwa wamenyimwa.

Kona za kwanza za Kasiana zilikuwa za banda lake la nguruwe. Alilijenga kwa mabaki ya matofali, akalibomoa, akalijenga tena, akalibomoa tena, hadi majirani wakasema mwanamke huyu hana akili timamu, nguruwe wake wanahama kama wapangaji. Lilipomridhisha alimwita Majidi aje alione. Majidi akasimama mbali, barabarani kabisa, akavuta shingo.

"Kona nimeiona, mama Devota," akasema. "Nguruwe sijawaona."

"Imesimama?"

"Imesimama. Sasa mwambie Makarius."

Makarius ndiye alikuwa fundi mkuu. Mwembamba, mkali, na mjuzi kwelikweli, sitamnyima haki yake; nyumba zake hazina nyufa mpaka leo. Lakini kila Kasiana alipomwomba kona, alikuwa na sababu mfukoni. Ya kwanza ilikuwa jukwaa.

"Dada, ukuta ukipanda utapanda jukwaani. Na gauni hilo. Sisi tulio chini tutazame wapi?"

Wanaume walicheka sana. Kasiana alikwenda nyumbani akamweleza mumewe, na nilidhani Hironimus atasema basi, acha, unanitia aibu. Hironimus akafungua sanduku, akatoa ile suruali ya kaki, akakaa mlangoni na sindano akaanza kuipunguza kiuno.

"Mimi ghala sina tena," alimwambia. "Ivae wewe."

Kasiana aliniambia kwamba alilia pale, na hakujua analia kwa nini. Mimi najua. Mwanamume aliyepoteza kazi, kutoa suruali ya kazi yake kwa mkono wake mwenyewe, ni jambo zito, na ningekuwa na mume wa namna ile nisingemsema vibaya kisimani kama nilivyokuwa namsema wangu.

Kesho yake Kasiana alikuja na suruali. Makarius akapekua mfuko wake wa sababu.

"Eti suruali! Paroko akipita hapa atasema nini?"

Paroko akapita siku hiyohiyo na pikipiki yake. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristu." Tukaitika, "Milele amina." Akaenda zake. Basi sababu ya pili nayo ikafa.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma mimi. "Sikiliza, Kasiana," alisema Makarius, safari hii bila kucheka. "Kona haitaki mtu wa kuja na kuondoka. Mtoto akiumwa utaondoka. Kukiwa na msiba utaondoka ukapike. Mvua ikinyesha utakwenda kupanda. Mwanaume akishika kona, yupo." Alisema kwa sauti ya upole, kama anayemwonea huruma, na upole ule uliniudhi kuliko vicheko vyote. Nilitamani kummwagia ndoo.

Sasa kuna desturi ya mafundi wetu ambayo lazima uijue, maana ndiyo iliyozaa jengo la kona tatu. Fundi akiondoka kwa siku kadhaa na kona yake haijaisha, anaweka tofali moja kavu juu yake, bila udongo. Maana yake, kona hii ina mwenyewe, na hakuna atakayeigusa. Akirudi analiinua tofali lile na kulijenga ukutani, kazi inaendelea. Kuishika kona yenye tofali kavu ni kumtangazia mwenzako mbele ya watu kwamba hana kazi tena. Kwa mafundi, hata matusi ya nguoni ni afadhali.

Zahanati yetu tulikuwa tunaijenga wenyewe. Serikali ilisema tuchangie, tukachangia: wanaume walitoa mahindi ya kuuza, na sisi wanawake tulisomba mchanga kutoka mtoni na maji ya kufyatulia matofali, na shingo yangu inakumbuka. Bati zilikwisha kufika. Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa ametuahidi kwamba paa litakuwa juu kabla ya mvua za kwanza. Kuta zikaanza kupanda vizuri, na kona ya nne, ya upande wa chumba cha kujifungulia, ikapewa Pankrasi.

Hapo malori ya mahindi yakaja. Pankrasi alikuwa na shamba Madaba, akasikia bei imepanda kule. Akaweka tofali kavu juu ya kona iliyofika magotini, akasema anarudi mara moja. Yule aliyesemwa kwamba akishika kona, yupo! Tukangoja. Wakaja watu wa Madaba wakasema Pankrasi kauza mahindi na sasa anazunguka na lori la tajiri, anamtafutia mahindi ya wengine. Tukangoja bado. Wale wengine wakapandisha kona zao hadi kifuani, kuta mbili zikajazwa, kisha kazi ikasimama, maana huwezi kuvuta kamba kwenda kwenye kona isiyokuwepo. Mawingu yakaanza kukusanyika alasiri upande wa milimani. Mafundi walikaa kivulini wakacheza bao.

Siku moja asubuhi Mzee Gaudensi akaja na kofia yake mkononi. "Fundi Makarius, shemeji yako vipi?"

"Atakuja, mzee."

"Mvua nayo itakuja."

"Tofali lake lipo juu, mzee. Mimi sina la kufanya."

Kasiana akatua karai. Nilikuwa karibu naye, nikaona anapangusa mikono kwenye ile suruali ya kaki, taratibu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Gaudensi.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kona hii niishike mimi."

Mzee Gaudensi akamtazama Makarius. Makarius akatazama bao. Mmoja wa wadogo zake akasema, "Mwambie akajenge banda la nguruwe," wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikunoga. Mzee akakohoa, akasema jambo hilo kamati italikalia. Hapo ndipo Kasiana alipochoka. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nne, akaliinua tofali kavu la Pankrasi, akalileta kivulini akampakatisha Makarius.

"Mtunzie Pankrasi," akasema.

Bao likasimama. Mimi nikashika ndoo kwa mikono miwili. Makarius alisimama na tofali lake, nikajua sasa atamfukuza, na akimfukuza hapa hakuna jengo la Songea litakalompokea tena. Devota atarudi nyumbani. Suruali itarudi sandukuni. Haya yote Kasiana aliyajua kuliko mimi, na bado alikuwa ameshageuka anaitundika timazi kwenye kona ya Pankrasi.

Akatazama. Akachuchumaa, akatazama tena. Kisha akachukua nyundo.

"Unafanya nini wewe!" Makarius alifoka.

"Nabomoa. Imelala."

"Kona ya Pankrasi ilale?"

"Njoo upime mwenyewe, fundi. Sijaigusa bado."

Makarius akaja huku tofali liko kwapani. Akashika uzi wa timazi, akangoja utulie. Kona ile ilikuwa imeegemea nje, si kidogo, na ingepandishwa hivyo hadi juu ingewaangukia wazazi na vichanga vyao. Naamini kabisa Makarius hakuwahi kuipima. Kona yangu angeipima, ya Majidi angeipima, ya Kasiana angeipima mara kumi. Ya shemeji yake aliipitisha kwa macho. Alisimama pale akiutazama uzi, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu yoyote mfukoni mwake.

"Bomoa," akasema, akaondoka.

Kasiana akabomoa hadi msingi. Sisi wabeba maji hatukuambiwa na mtu. Kila ndoo iliyotoka kisimani siku ile ilikwenda kona ya nne kwanza. Majidi akaacha bao, akaja na kamba, akasimama upande wa pili akingoja. Kona ilipofika magotini, akaivuta kamba kutoka kwa Kasiana na kuanza kujaza. Ilipofika kiunoni, wadogo zake Makarius waliona aibu kukaa, wakainuka. Ilipopita vichwa vyetu Kasiana akapanda jukwaani na suruali ya mumewe, na nawaambieni hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama juu, maana alikuwa anaita udongo kwa sauti kuliko mwanaume yeyote. Bati zilipigiliwa huku manyunyu yakianza.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siku ya kufungua zahanati Mzee Gaudensi alisimama mbele ya wageni akawashukuru mafundi kwa majina: Makarius, wadogo zake, na Pankrasi. Pankrasi! Alikuwa amerudi wiki ileile na shati jipya, akapiga saluti watu wakapiga makofi. "Pamoja na akina mama waliosaidia," mzee akaongeza. Kasiana alikuwa karibu nami. Nilisikia anavuta pumzi puani kama mtu anayeinua mzigo.

Kati ya wageni alikuwamo mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga ghorofa mjini. Watu wakiwa wanakula, yeye alilizunguka jengo na timazi yake, kona hadi kona. Alipofika ya nne alikaa nayo muda mrefu, kisha akamwita Makarius.

"Hii kaijenga nani?"

Makarius alikuja na sahani yake ya pilau. Watu tulikuwa tumeshawazunguka. "Ya Pankrasi," akasema. "Kona ni ya aliyeianza. Ndiyo desturi yetu."

"Safi sana. Jumatatu namtaka."

Pankrasi akacheka hadi meno ya mwisho. Na mimi nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, maana nilielewa kwamba mambo haya hayafanywi na watu wabaya wenye mapembe. Yanafanywa na mtu wa kawaida, ameshika sahani ya pilau, anataja desturi.

"Fundi Makarius," alisema Kasiana. Sauti yake haikupanda. "Kama ni ya Pankrasi, tofali lake kavu liko wapi?"

Mkandarasi naye alianzia kwenye mwiko, alielewa upesi. Akamgeukia Pankrasi. "Uliondoka kazini?"

"Kidogo tu, bosi. Nilikwenda Madaba."

"Ukaacha tofali? Nionyeshe ulipolijenga."

Pankrasi akautazama ukuta. Kila fundi anakumbuka alipoliweka tofali lake la kurudia. Ni kama kukumbuka kitanda chako. Akatazama chini, akatazama juu, kisha akamtazama shemeji yake.

Makarius angeweza kunyoosha kidole popote pale, kwenye tofali lolote. Nani angebisha? Lakini alikuwa fundi wa kweli, na kudanganya juu ya tofali kulimshinda. Aliweka sahani chini, akatoka kwenda nyumbani kwake, ambako si mbali, na watu wote tukangoja. Alirudi nalo. Alikuwa amelitunza kama alivyoagizwa. Akampakatisha Pankrasi mbele ya mkandarasi, vilevile kama alivyopakatishwa yeye.

"Chukua," akasema. "Kona haikuwa yako."

Mkandarasi akamtazama Kasiana kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni. "Mama, langu ni ghorofa."

"Suruali ninayo," alijibu Kasiana. "Na ninakuja na Majidi. Naye anashika kona."

Ghorofa lile lipo, nenda kalitazame. Kona mbili za mbele ni zao, moja yake na moja ya Majidi. Devota alimaliza shule. Isidhaniwe kwamba baada ya hapo njia ilikuwa nyeupe. Hata alipokuwa na kikundi chake mwenyewe cha mafundi, watu walifika kwenye ujenzi wakamkuta na mwiko mkononi, wakamwuliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Yeye alikuwa anawajibu, "Yupo," anaendelea kujenga, anawaacha wasimame mpaka waelewe. Makarius alifariki bila kumwita fundi hata siku moja. Alimwita Kasiana, au dada, au yule.

Mimi mtoto wangu wa mwisho nilimzaa kwenye chumba kile cha kujifungulia, mchana wa mvua kubwa iliyokuwa imeng'oa bati za watu mtaani. Uchungu uliponizidi nilishuka kitandani, nikajikokota hadi kwenye kona ile ya nne nikaiegemea kwa mgongo. Nesi, binti mgeni kutoka mjini, akanisihi nirudi kitandani, akasema kwa mvua hii ukuta huu hauamini, nani anajua kauweka nani.

"Kauweka fundi Kasiana," nilimwambia. "Maji yake nilibeba mimi. Niache hapahapa."